Watu wa Kilwa Hawakula Mawe

Mara ya mwisho nilipowapeleka wanafunzi wangu Kilwa Kisiwani, tulisimama mbele ya Msikiti Mkuu tukiwa tumechoka kwa jua na kwa maelezo. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia yote ambayo mwalimu wa historia husema mahali pale: kuba na nguzo, dhahabu ya Sofala, sarafu za shaba zenye majina ya masultani, ujio wa Ibn Battuta mwaka 1331, jumba la Husuni Kubwa na birika lake la pembe nane. Binti mmoja, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akainua mkono. "Dokta," akauliza, "hawa watu walikuwa wanakula nini?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa niligundua kwamba katika miaka yangu yote ya kuifundisha Kilwa sikuwahi kulijibu swali hilo mbele ya darasa. Nikatazama huku na huku nipate kitu cha kumwonyesha. Palikuwa na kuta, palikuwa na nyasi zilizofyekwa, na palikuwa na mbuyu kwa mbali ambao siku nzima hatukuutaja hata mara moja.

Tulipokuwa tukirejea kwenye mashua, mzee mmoja wa kisiwani, aliyekuwa ameketi kivulini akisikiliza mabishano yetu, alimwita yule binti. "Mwanangu, njoo nikuonyeshe." Akamnyooshea kidole mmea uliotambaa juu ya kichaka kandokando ya njia. "Huu waujua?" Hakuujua. Wenzake nao hawakuujua, na nakiri kwamba hata mimi nilisitasita. Ulikuwa mbungo. Kila mmoja wetu alikwisha kunywa sharubati ya mabungo mara nyingi mjini, lakini hakuna aliyeutambua mmea wenyewe. Nilimwambia, "Ahsante, mzee wangu, leo umetufundisha." Akajibu kwa upole kwamba si yeye aliyetufundisha, ni kichaka, na kwamba kichaka chenyewe kinakwisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hoja moja ambayo leo naiweka mbele ya wasomaji wa safu hii. Kilwa inahitaji bustani. Simaanishi bustani ya mapambo, yenye maua yaliyopangwa rangi kwa rangi ili watalii wapigie picha. Namaanisha bustani ya historia, yenye mimea iliyowalisha, kuwavisha, kuwatibu na hata kuwatesa watu wa pwani hii. Na pembeni yake mimea ya asili inayowalisha nyuki, vipepeo, chozi na popo, ambao bila wao mashamba ya Lindi hayazai. Tumezihifadhi kuta na tumesahau kwamba mji wa mawe uliishi kwa vitu visivyo vya mawe.

Wala bustani hiyo si ndoto ya kubuni. Mwezi Julai 1505, kikosi cha Mreno Francisco de Almeida kiliivamia Kilwa na kuipora. Taarifa ya safari ile, ambayo wanahistoria huihusisha na Mjerumani Hans Mayr aliyekuwamo katika mojawapo ya meli, haikuishia kwenye hesabu ya nyara. Mwandishi wake aliona machungwa matamu na malimau, vitunguu vidogo na mimea ya manukato, vikipandwa katika bustani na kunyweshwa maji ya visima. Aliona mitambuu ikitambaa juu ya vijiti. Aliona, juu ya miti, mizinga ya nyuki iliyofanana na mitungi, midomo yake imezibwa kwa majani yaliyosukwa na kuachiwa matundu ili nyuki wapate kuingia na kutoka. Tafakari, ndugu msomaji: katika saa ileile mji ulipokuwa ukivunjwa, kulikuwa na mtu aliyepata wasaa wa kutazama nyuki wa Kilwa wakiingia mzingani. Sisi, ambao mji ni wetu, hatujapata wasaa huo.

Taarifa hiyohiyo inasema jambo jingine, ambalo bustani ya kweli haiwezi kulikwepa. Inasema kwamba waliolima mashamba walikuwa watumwa weusi, na kwamba idadi yao iliwazidi mabwana. Visima havikujichota vyenyewe. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alipotiliana mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice, bidhaa iliyoandikwa humo ilikuwa watumwa 1,000 kila mwaka. Huko Marekani, Monticello, nyumba ya Rais Thomas Jefferson katika jimbo la Virginia, ina bustani ya mboga yenye urefu unaokaribia mita 300, iliyofufuliwa kwa msaada wa wanaakiolojia. Wageni waliipenda sana. Lakini ilichukua miaka mingi kabla simulizi ya mahali pale haijawapa nafasi stahiki watu zaidi ya 400 waliotumikishwa hapo, ambao mikono yao ndiyo iliyolima. Kilwa tusianzie kwenye kosa hilo. Kibao kitakachosimama mbele ya mchungwa kiseme pia ni nani aliyeunywesha maji.

Chukua mfano wa mmea mmoja tu, pamba. Tangu uchimbaji wa Neville Chittick katika miaka ya 1960, wanaakiolojia wameokota Kilwa vigurudumu vya udongo vilivyotumiwa kusokotea nyuzi. Maana yake ni kwamba katika karne za fahari ya Kilwa watu wa hapa walisokota na kufuma nguo zao, kwa kazi ya mikono ambayo majumba makubwa hayaielezi. Sasa ruka hadi mwezi Julai 1905, milimani Umatumbi, katika wilaya hiihii ya Kilwa. Wakulima wa Nandete, waliochoshwa na kulazimishwa na Wajerumani kulima pamba katika mashamba ya serikali kwa ujira wa kudhalilisha, waling'oa miche ya pamba. Kitendo hicho kilikuwa tangazo la vita, na vita hivyo tunaviita Maji Maji. Mmea uleule uliokuwa kazi ya heshima ukawa alama ya utumwa mpya, kisha ukawa alama ya uasi. Mche mmoja wa pamba, uliopandwa mahali panapofaa na kuelezwa vizuri, unaweza kufundisha historia hiyo yote kwa mtoto wa darasa la tano katika dakika 10. Kitabu hakiwezi kumfanya auguse.

Ndivyo ilivyo kwa mbungo wa yule mzee. Mitambaazi ya jamii hiyo ndiyo iliyogemwa mpira wa mwitu uliosafirishwa kupitia Kilwa Kivinje katika karne ya 19. Ndivyo ilivyo kwa mwembe. Kilwa Kivinje watu hukumbuka Mwembe Kinyonga, kumbukumbu ya mti uliofanywa kitanzi na Wajerumani, waliomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Na ndivyo ilivyo kwa mikoko: upana wa vyumba vya majumba ya kale ya pwani ulifuata urefu wa boriti zilizokatwa mikokoni, hata mtu akipima chumba Songo Mnara huwa kwa namna fulani anapima mti.

Najua swali litakaloulizwa na wenzangu wa sayansi: mmea upi ni wa asili? Mwembe ulitoka Bara Hindi. Mchungwa na mdimu ilitoka Asia. Mkorosho, ambao leo ndio uti wa mgongo wa uchumi wa Lindi na Mtwara, ulitoka Brazili na kuletwa na Wareno. Mwarobaini, tunaouheshimu kwa kuutibia maradhi arobaini, nao kwao ni Asia. Kwa upande mwingine mkwaju, ambao Waarabu waliuita tende ya Hindi, kwao ni Afrika. Jawabu langu ni kwamba bustani iwe na sehemu mbili. Moja iwe ya wenyeji: mbuyu, mkwaju, mpingo, mbungo, mikoma, mfuru, pamoja na vichaka na maua ya mwitu ya pwani hii. Ya pili iwe ya wageni waliolowea, kila mmoja akitajwa alikotoka na pepo zilizomleta, kaskazi au kusi. Mswahili hana sababu ya kumwonea haya mgeni aliyelowea. Ila mgeni asimfukuze mwenyeji, na hilo ndilo linalotokea sasa. Katika ofisi zetu nyingi za umma, "kupanda miti" kumekuwa na maana ya safu ya miashoki na ua wa michongoma uliokatwa ukanyooka kama meza. Nyuki akipita hapo hapati kitu.

Nimemtaja nyuki mara kadhaa, na si kwa sababu ya asali peke yake. Mkulima wa Lindi anaishi kwa maua. Mkorosho hutoa maua mengi mno, lakini mengi ni ya kiume na yanayozaa korosho ni machache. Chavua yake hunata, haipeperushwi vyema na upepo, hivyo unahitaji wadudu wa kuibeba kutoka ua hadi ua. Ufuta huchanua na nyuki huujia. Boga na tikiti, bila mdudu wa kuchavusha, ua hunyauka na tunda halionekani. Wadudu hao hawaishi kwa korosho peke yake, kwani mkorosho huchanua kwa msimu tu. Miezi iliyobaki hula mbochi wa miti na vichaka vya mwitu, na humo ndimo wanamojenga. Tunapokifyeka kila kichaka kwa ajili ya mkaa na shamba jipya, tunabomoa nyumba ya kibarua ambaye msimu ujao tutamhitaji shambani. Tunapopuliza dawa ya mbu wa mikorosho asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini, tunamuua kibarua huyo akiwa juu ya kazi yetu.

Mambo haya mkulima angeweza kuyaona kwa macho katika bustani ninayoizungumzia. Angeona pia viumbe tunaowachukia bila sababu. Ua la mbuyu hufunguka jua linapozama, jeupe, kubwa, likining'inia kwa kikonyo kirefu. Nyuki wa mchana hakuumbiwa hilo. Mbeba chavua wake mkuu ni popo mla matunda, ambaye watoto wetu humrushia mawe na watu wazima humwita mkosi. Mibuyu ya Kilwa iliyoshuhudia masultani, Wareno, Waomani, Wajerumani na Waingereza imezaa kwa msaada wa popo. Huko mikokoni, maua mekundu ya msinzi huhudumiwa na chozi. Huu nao ni urithi, na haukuhitaji ruhusa ya sultani yeyote.

Hapa niseme neno kuhusu utawala. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati ambayo wananchi wa visiwa hivyo walishiriki. Baadaye usimamizi wake ukakabidhiwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Wapo wasomi wenzangu walionung'unika: wataalamu wa tembo na simba watajua nini kuhusu chokaa na matumbawe? Hofu yao naielewa. Lakini nauona pia upande wa pili. Ikiwa magofu yamewekwa chini ya mamlaka ya wanyamapori, basi mamlaka hiyo na ijue kwamba nyuki, popo, kipepeo na chozi ni wanyamapori, na kwamba pengine hakuna mahali pengine nchini ambapo historia ya binadamu na uhai wa viumbe vingeweza kusimamiwa chini ya paa moja la kiofisi kwa faida kubwa kuliko hapa. Bahati hii tusiipoteze kwa kufyeka nyasi tu.

Pingamizi zipo, na nyingine zina uzito. La kwanza ni mizizi. Mtini mwitu ukishaotea ukutani hupasua ukuta, na sehemu kubwa ya kazi iliyoyaokoa magofu ilikuwa kuondoa mimea. Tena chini ya udongo wa Kilwa pana historia ambayo bado haijafukuliwa. Watafiti wa Songo Mnara wametuonyesha kwamba hata nafasi zilizo wazi kati ya nyumba hazikuwa tupu, zilikuwa na matumizi yake. Kwa hiyo sipendekezi hata shimo moja lichimbwe ndani ya mji wa kale. Bustani iwe Kilwa Masoko, mahali mgeni anapopita kabla ya kupanda mashua, na bustani ndogo ya pili iwe katika eneo la shule, kwa matuta ya kuinuliwa. La pili ni maji. Mimea ya wenyeji imezoea kiangazi cha Kilwa kabla hatujazaliwa. Ikipandwa masika na kutunzwa mwaka wa kwanza, itajitegemea kuliko ua lolote la kununua. La tatu ni kudungwa. Mizinga ya nyuki wakubwa ikae mbali na njia. Nyuki wadogo wasiodunga wakae karibu, watoto wawatazame.

Pingamizi la nne ndilo gumu: wananchi watapata nini? Hapa nageukia Gedi, karibu na Malindi nchini Kenya. Gedi ni mji wa kale wa Waswahili kama Kilwa, umezungukwa na miti ya asili, na pembeni yake upo msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi wa jirani walitaka msitu ule, wote au sehemu, ugawanywe mashamba, na hakuna wa kuwalaumu, kwa sababu msitu haukuwapa kitu. Mwaka 1993 ukaanzishwa hapo magofuni, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mradi wa Kipepeo. Wakulima hufuga vipepeo wa msitu kwa kupanda mimea inayoliwa na viwavi wake, kisha mabuu yaliyokwisha kujifunga huuzwa kwa maonyesho ya vipepeo hai ng'ambo. Mti wa msituni ukawa na thamani ukiwa umesimama. Mwaka 2024 Gedi nayo ikaingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Sisemi tunakili. Sisi wenyewe tulikuwa na wafugaji wa vipepeo huko Amani, wilayani Muheza, na serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, soko lao lilikatika ghafla. Fundisho ni kwamba riziki ya mwanakijiji isining'inizwe kwenye uzi mmoja wa soko la mbali. Kilwa ina yake: asali na nta, miche ya asili, ukili na ukindu, sharubati ya mabungo na ukwaju kwa mgeni aliyeshuka mashuani na kiu. Tena ina watu wanaojua. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa usimamizi wa misitu yao yenye mpingo, jambo ambalo hakuna vijiji vingine Afrika vilivyokuwa vimelifikia kwa misitu yao ya asili. Watu wa namna hiyo hawaitwi kwenye semina ili wafundishwe mti ni nini. Wao ndio wawe walimu wa bustani hii, na walipwe kama walimu.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakimo katika bajeti yoyote. Katika shule niliyosoma, na nadhani katika nyingi walizosoma wasomaji wangu, jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa alipewa eneo alime. Aliyepiga kelele alikwenda kumwagilia. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alikusudia shamba la shule liwe darasa. Sisi tukaligeuza kuwa kizuizi, kisha tukashangaa kwa nini vijana wetu wanaudharau udongo. Leo mitaala mipya ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni jambo jema, lakini tukilifundisha kwa ubao na kukariri tarehe, litaishia palepale. Bustani ya Kilwa iwe mahali ambapo mtoto anapewa jembe kwa sababu ameaminiwa.

Ninachokiomba kwa wahusika hakihitaji mabilioni. Kwanza, kabla ya kupandwa hata mche mmoja, majina na matumizi ya mimea yaandikwe kutoka kwa wazee na bibi zetu, kwa Kimatumbi, Kimachinga, Kingindo, Kimwera na Kiswahili, na kila aliyetoa elimu yake atajwe akiridhia. Kazi hii ina haraka kuliko nyingine zote, kwa sababu kuta zimesubiri miaka 600 na zinaweza kusubiri mwaka mwingine, wazee hawawezi. Pili, mbegu zitoke katika misitu ya Kilwa na Lindi yenyewe. Tatu, vibao viandikwe kwa Kiswahili kwanza, lugha ya mgeni ifuate. Nne, sehemu ya kiingilio cha watalii iende moja kwa moja kwenye kamati ya bustani ya wanavijiji, na hesabu zake zibandikwe hadharani.

Mifupa ya mijusi wakubwa wa Tendaguru, iliyochimbwa mkoani Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, imesimama katika makumbusho ya Berlin, na tuna haki ya kuendelea kuijadili. Lakini tunapodai vilivyochukuliwa, tusiviache vife vile ambavyo hakuna aliyetunyang'anya. Mbungo bado upo njiani. Mbuyu bado unachanua jioni. Yule binti amekwisha kuhitimu na sasa, kwa alivyonieleza, anafundisha sekondari. Kuna siku naye atawaleta wanafunzi wake Kilwa, na mmoja wao atauliza swali lilelile. Ningependa awe na mahali pa kuwapeleka.